Posa Uani kwa Bi Waridi

Kariakoo ilikuwa imefurika wanunuzi wa nguo za Idi, na Zamda binti Mwinyimvua alikuwa anamtoa muuzaji jasho. Nusu ya rafu ishateremshwa, na hakuna kanga iliyomridhisha.

"Bibie, harusi ya nani?" akauliza Azzan, mtoto wa Mzee Mbaruk mwenye duka, kanzu yake nyeupe imejaa vumbi la nguo.

"Si harusi. Ni sare ya chama cha kuimba. Wewe pima, usihoji."

"Chama cha Bi Waridi? Basi wewe ndiye unayenikosesha usingizi kwa sauti hiyo."

"Hamia mtaa mwingine."

Azzan akacheka. Mwishowe Zamda akachagua kanga nyekundu, akaondoka nazo kichwani, na alijua atarudi hata kama hana la kununua.

Chama chenyewe kilizaliwa baada ya vita vya Mjerumani, uani kwa Bi Waridi, mtaa wa Mkunguni. Wanawake walikuwa wakipepeta mchele na kuimba ili kazi iwe nyepesi. Majirani wakaja kusikiliza, wengine wakaingia, wakapatikana na wapiga ngoma. Wenye midomo wakawaita wahuni. Bi Waridi hakubishana nao, alizidisha siku za mazoezi tu. Akaweka na sheria: mwanachama ni mtoto wa nyumba ile, na posa yake itasemwa mbele ya chama kizima.

Mwaka mzima Zamda na Azzan walipendana, duka likapata mteja asiyenunua kitu. Mwishowe Azzan akapeleka posa. Mposaji haendi mwenyewe, hivyo alikuja uani ami yake, Bwana Abdulla, na joho lake jeusi.

"Kijana wetu anamtaka Zamda," akasema. "Ila aache kuimba. Hatuoi mke wa kusikilizwa na wapita njia."

Zamda alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Azzan, aliyekuwa akimbembeleza amwimbie huku anakunja nguo, leo ndiye anayemziba mdomo?

"Mwambieni akaoe sanamu," akajibu kutoka humo humo.

Akalia, sitaki kuwaficha. Alimpenda yule mwanamume mpaka chakula kikamshinda. Lakini mazoezini alikwenda kila siku, macho yamevimba, akaimba kwa hasira hata wapiga ngoma wakashindwa kumfuata. Dukani hakukanyaga tena.

Jioni moja, katikati ya mazoezi, Azzan akaingia uani peke yake. Zamda alipomwona tu akakimbilia chumbani.

"Shikamoo, Bi Waridi."

"Marahaba. Mshenga wako yuko wapi?"

"Sina. Nimekuja na mdomo wangu."

Watu wakatazamana, maana jambo hilo halijapata kuonekana pale.

"Mimi niliambiwa nimekataliwa, basi," akasema Azzan. "Leo Siti, mwimbaji wenu, kaja dukani kunitukana, ndiyo nikasikia habari ya sharti. Nikamuuliza baba. Kasema sharti ni lake na duka ni lake, nichague. Nimemwachia duka. Kesho naenda bandarini kuomba kibarua. Namtaka Zamda, na kuimba kwake."

"Wazee wako watakutenga," akasema Bi Waridi.

"Wanitenge."

Bi Waridi akaligeukia pazia. Msichana akiposwa hukaa kimya, na kimya chake ndicho kukubali kwake. Ndivyo alivyofanya mama yake Zamda, na bibi yake pia.

Zamda akalisukuma pazia, akatoka na sare yake nyekundu, akasimama mbele ya watu wote.

"Nimekubali," akasema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Na Jumamosi naimba Mnazi Mmoja, hata baba yako akija na ukoo wake wote."

"Atakuja kukuzomea," akasema Azzan.

"Aje. Wewe utakuwa wapi?"

"Mbele kabisa, mpenzi. Anione vizuri."