Wiki Tisa na Kamanda

Lifti ya jengo lile ilikufa saa mbili asubuhi, na kufikia saa nne ukumbi wa chini ulikuwa umefurika. Walikuwepo wagonjwa wa daktari wa meno wa ghorofa ya tano wameshika mashavu, makarani wenye mafaili kwapani, mama mmoja na cherehani yake, na dada mmoja mrefu aliyevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, mkononi trei yenye vioo vya miwani. Dada huyo alikuwa mpima macho katika duka la miwani la ghorofa ya saba, na kila baada ya dakika mbili alitazama saa yake na kusonya.

Mlango wa lifti ukafunguka nusu. Mwanaume wa ovaroli ya bluu akapanda kutoka shimoni, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Fundi, bado tu?" dada akamuuliza.

"Bado kidogo, dada yangu. Ukiniharakisha nitakupandisha halafu nikushushe bila kupenda."

"Mimi nipandishe tu. Kushuka nitajijua."

"Basi nipe hiyo trei nikubebee kwa ngazi."

"Kwa mikono hiyo? Si utanikaangia vioo vyangu!"

Watu wakacheka, hata wale wenye meno mabovu. Fundi alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akambebea trei kwa ngazi ghorofa zote saba, na kuanzia ghorofa ya nne alikuwa anahema huku anajifanya anapiga mluzi. Dukani akaomba apimwe macho. Alisoma bango lote mpaka herufi za chini kabisa.

"Macho yako mazima," dada akamwambia. "Huna unachohitaji hapa."

"Ninacho. Ila hakijaandikwa kwenye hilo bango."

Tangu siku hiyo akamwita Miwani, naye akamwita Fundi, na majina waliyopewa na wazazi wao yakabaki kwenye vitambulisho.

Ikapita miaka mitatu, na simu hazikukoma.

"Miwani wangu, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Juu ya paa la lifti, nimening'inia kama popo."

"Shuka kwanza ndiyo unipigie! Mimi sitaki kuolewa na marehemu."

"Aa, kumbe unataka kuolewa?"

Hapo Miwani alikata simu, akabaki anacheka peke yake mbele ya mteja aliyeziba jicho moja.

Fundi alikuwa na rafiki mmoja tu wa kufa na kuzikana. Walikua mtaa mmoja, wakagawana viatu vya shule, huyu asubuhi, yule mchana. Rafiki huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, pande la mtu, sauti kama honi, na wote walimwita Kamanda. Mkewe alifundisha hesabu shule ya msingi. Alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, na aliitwa Mwalimu hata na mama mkwe wake. Mwalimu na Miwani walishibana mpaka wakawa wanagombana asubuhi na kupatana kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili moja Kamanda aliingia kwa Fundi na ramani, akaitandaza juu ya meza yenye sahani.

"Wiki tisa," akasema. "Nchi nne. Uwanda wa chumvi, mto, mabonde, halafu mlima wenye theluji. Wanne sisi, gari langu, mahema mawili. Maisha yangu yote nimepita nchi za watu nimebeba saruji. Safari hii nataka nibebe watu."

"Na wanafunzi wangu nani atawafundisha kugawanya?" Mwalimu akauliza.

"Wagawane wenyewe!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye ramani. Fundi peke yake hakucheka. Miwani alidhani anafikiria likizo.

Wiki tano za mwanzo zilikuwa tamu. Waliendesha mchana kutwa, madirisha wazi, vumbi jekundu likiwajaa masikioni. Miwani alivaa suruali za Fundi amezifunga kwa kamba kiunoni, kilemba cha njano kichwani, na Fundi alimwosha nywele kwa birika kando ya gari huku akimwimbia vibaya makusudi. Kamanda aliimba naye. Kamanda alikuwa hali vizuri, alisema tumbo lake halielewani na vyakula vya ugenini. Mwalimu akamgombeza kila mlo. Kamanda akautoboa mkanda wake wa suruali tundu jipya kwa msumari, kisha jingine.

Asubuhi, wanawake walipotoka hemani, mara nyingi walimkuta Fundi ameshafua nguo za Kamanda.

"Umekuwa dobi wake?" Miwani akamtania.

"Nilishindwa karata, mpenzi. Naye akishinda hasamehi."

Wiki ya sita walifika kwenye uwanda wa chumvi, mweupe hadi upeo wa macho, jua linapiga kutoka juu na kutoka chini. Skrubu ya miwani ya jua ya Kamanda ikalegea. Miwani akatoa bisibisi yake ndogo ya kazini.

"Nipe nikukazie, shemeji."

Kamanda akasita, kisha akaivua. Miwani alikuwa ametazama macho ya watu kwa miaka tisa. Weupe wa macho yale ulikuwa umegeuka manjano. Kamanda akaichukua miwani yake haraka, akasema asante shemeji, akaondoka zake.

Miwani alimfuata Fundi kwenye madumu ya maji.

"Kamanda anaumwa. Macho yake manjano kabisa."

"Ni vile vidonge vya malaria," Fundi akajibu, bado anamimina maji. "Vinawafanya hivyo baadhi ya watu."

"Una hakika?"

"Mpenzi, si ningekwambia?" Akambusu paji la uso. "Usimtishe Mwalimu bure."

Miwani akarudi kwenye gari. Vidonge vya kufanya hivyo hakuvijua, lakini Fundi alimjua.

Wiki ya nane wakafika chini ya mlima. Theluji ilionekana juu kule, na Kamanda aliitazama muda mrefu, koti limempwaya mabegani. Siku mbili kabla ya kupanda, akikunja hema, alianguka. Damu ilimtoka mdomoni.

Hospitali ya mji ule ilikuwa safi na baridi. Daktari hakujua lugha yao. Alikuwepo muuguzi mmoja aliyewahi kusoma kwao, naye ndiye aliyewatafsiria, polepole, anatafuta maneno.

"Daktari anauliza, mdogo wa mgonjwa ni nani hapa?"

"Hana mdogo," Mwalimu akajibu. "Mimi ndiye mkewe."

Muuguzi akamwonyesha barua iliyokutwa kwenye koti la Kamanda. "Hii inatoka hospitali ya kwenu. Saratani ya ini, imeshasambaa. Inasema likitokea lolote, apigiwe mdogo wake. Namba ni hii."

Mwalimu akaisoma namba. Aliijua kwa moyo, maana aliipiga kila mumewe alipochelewa kurudi. Akasoma na tarehe.

"Mwezi wa pili," akasema. "Sasa ni wa sita." Kisha akageuka. "Shemeji. Ulijua?"

Fundi alitazama buti zake.

"Nijibu."

"Nilijua."

Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akaikunja ile barua mara nne.

"Miezi minne," akasema, "namgombeza mtu anayekufa kwamba hali chakula changu."

Fundi akamsogelea Miwani. Miwani akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mimi nilikuuliza," akamwambia. "Nilikuuliza ukanibusu."

Kamanda alifariki siku ya tatu, saa nne asubuhi. Alifumbua macho mara moja tu, akauliza kama gari limefungwa. Mwalimu akamwambia limefungwa, baba, pumzika. Hivyo ndivyo walivyoagana.

Wanawake walirudi kwa ndege pamoja na jeneza. Fundi akabaki na gari, akaendesha peke yake siku kumi na moja. Aliyakosa maziko. Alipiga simu kutoka mpaka wa pili, sauti inakatika.

"Miwani, mpenzi wangu..."

"Usiniite hivyo."

"Aliniapisha. Alisema mkewe akijua atamlaza kitandani amlishe uji mpaka afe. Alitaka wiki tisa za kuwa mzima. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungemwambia Mwalimu."

"Ndiyo! Ningemwambia! Angekaa naye angalau anajua anakaa na nani. Uliiba, Fundi. Uliiba siku za watu, ukaja kulala ubavuni kwangu."

"Miwani..."

Akakata. Hakupokea tena. Fundi alirudi, akaliegesha gari kwa Mwalimu, akapenyeza funguo chini ya mlango. Kazini kwao Miwani alianza kupanda kwa ngazi, asije akakutana na ovaroli ya bluu.

Miezi minne ilipita hivyo. Alikonda. Wateja walimsomea herufi naye hasikii, ikabidi wasome upya. Kila Jumamosi alikwenda kwa Mwalimu, wakakaa sebuleni wakisahihisha madaftari ya watoto, huyu kurasa za kushoto, yule za kulia. Jina la Fundi halikutajwa.

Mpaka Jumamosi moja Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Mlete."

"Nani?"

"Huyo wako. Kuna siku zangu anazo yeye. Mume wangu alikuwa anaongea naye ya kweli, mimi alikuwa ananiimbia nyimbo. Nazitaka."

Fundi alikuja mchana, amevaa shati jeupe lililonyooshwa, ndevu zimeachwa. Walipotazamana na Miwani mlangoni, wote wawili walisahau kusalimiana. Mwalimu hakumwambia karibu wala keti. Fundi akakaa kwenye ncha ya kiti, akaanza kusimulia.

Alieleza jinsi Kamanda alivyokuja na ile barua kazini, akamwomba waingie wote ndani ya lifti iliyosimama, ndiyo akalia humo. Alieleza vidonge vya maumivu vilivyofichwa ndani ya boksi la spana. Nguo alizifua alfajiri kwa sababu zilikuwa na damu. Kule mtoni, wanawake walipokwenda sokoni, Kamanda alilala chini ya gari ameuma taulo, baadaye akatoka akasema alikuwa anakagua ekzosi. Kila siku Fundi alimwambia, sema leo, na kila siku akajibiwa, nitasema kwenye theluji.

"Alitaka akwambie kule juu," Fundi akasema. "Alishapanga maneno. Alinisomea."

"Maneno gani?"

Fundi akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Alisema: mke wangu, hesabu imegoma. Nisaidie wewe."

Mwalimu alifumba macho. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani.

"Na wewe ukaamini kwamba atasema?"

"Niliamini."

"Hukuamini. Niambie kweli."

Fundi akainua uso.

"Kuna siku nilisahau," akasema. "Tulikuwa tunacheka, gari linakwenda, Miwani yuko pembeni yangu. Nikasahau kwamba anakufa. Sikutaka kukumbushwa. Ndiyo maana sikusema. Kiapo kilikuwa kisingizio, siku nyingine."

"Asante," Mwalimu akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nangoja." Akasimama, akafungua mlango. "Nimekusikia. Nimezipata siku zangu. Sasa nenda, na usirudi tena hapa. Sikulaani. Ila nikikuona, naiona ile benchi."

Kisha akamwangalia Miwani. "Wewe mlango huu ni wako. Mengine utajua mwenyewe."

Miwani alimfuata Fundi mpaka barabarani. Walitembea mpaka kwenye maduka ya magodoro, mpaka kelele zikawa nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kuongea bila kusikiwa na wapita njia.

"Ningekuwa mimi ninayekufa," Miwani akauliza, "ungenificha?"

"Hapana! Wewe..."

"Usinijibu haraka. Nimechoka na majibu yako matamu."

Fundi akasimama katikati ya watu. Mbeba godoro akamgonga bega, akamtukana, akapita.

"Sijui," akasema. "Naogopa kwamba ningekuficha. Nisingependa, lakini sijui."

Miwani akamtazama. Katika miaka yote ile lilikuwa jibu la kwanza lisilotiwa sukari. Lilimuuma, na akagundua kwamba anaweza kusimama juu yake.

"Twende," akamwambia, akamshika mkono. "Huli vizuri wewe. Shati linakupwaya."

"Miwani..."

"Usiongee. Twende tu."

Walioana miezi saba baadaye, mbele ya msajili na mashahidi wawili, bila ngoma. Mwalimu alipelekewa kadi, hakuja, wala Miwani hakumuuliza.

Jumamosi zake aliendelea kwenda. Kila alipofika kwenye kibaraza alivua pete, akaitia ndani ya pochi, ndipo akabisha hodi. Wakasahihisha madaftari, wakanywa chai, wakawateta wazazi wa watoto, hata siku nyingine wakacheka. Saa kumi na moja akaaga, na mbele ya geti akaivaa tena.

Jumamosi moja ya mvua alikuwa anaitia pete kwenye pochi, mlango ukafunguka kabla hajabisha. Mwalimu alikuwa amesimama pale na beseni la maji machafu. Akaiona pete, akaona na mkono unavyoificha.

"Usiwe unaivua," akasema. "Utaipoteza."

Akamwaga maji, akarudi ndani, akaacha mlango wazi.