Sauti Chini ya Saruji

Asubuhi ile fundi wa vipimo, ambaye kazini wote walimwita Masikio, aliteremsha waya ndani ya kisima cha mafuta kama kawaida. Waya ule kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mafuta yakipita kwa kasi yalivuma, yakipita taratibu yalinong'ona, na kwa mvumo huo Masikio alijua kisima kinatoa kiasi gani. Chini kabisa kilizibwa kwa saruji. Pale hapakupaswa kusikika kitu.

Palisikika kitu kinatafuna.

"Shemeji, hebu sikiliza," alimwambia mwendesha winchi ya kuteremshia waya, mdogo wa mke wake.

Shemeji, mtu wa mzaha, akavaa hedifoni. "Wenzetu huko chini wameshapata chai!" Kicheko kikamkatikia kooni. "Shemeji," akanong'ona, "linaniita kwa jina."

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa kibanda cha vipimo. Masikio akamnyang'anya hedifoni, lakini mwenzake tayari alikuwa ameshika spana, akamtandika nayo msimamizi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, taya likavunjika, akapiga tena na tena hata baada ya yule kunyamaza, damu ikirukia kompyuta ambamo mistari ya sauti ilipanda kwa kila pigo, kisha akamgeukia Masikio, akamkaba, akakoroma kwa sauti nzito isiyokuwa yake: "Mlitega sikio wenyewe!"

Wafanyakazi walimvamia, wakamfunga minyororo, wakamfikisha kwa dada yake, mke wa Masikio. Mganga aliyeitwa, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimnusa matundu ya masikio.

"Limepitia huku, na huku ndiko linakomwamrishia. Nitaubomoa mlango."

"Atakuwa kiziwi?" dada mtu aliuliza.

"Atakuwa hai. Na wewe pia."

Dada akamgeukia Masikio. "Mshike, mume wangu."

Masikio akamlalia shemeji yake kifuani. Sindano ya kwanza ya mganga ilipozama sikioni, mnyororo wa mkono mmoja ulikatika na mbavu za Masikio zikalia. Ya pili ilipozama, Shemeji akazirai.

Shemeji alizinduka jioni, akaona midomo ya dada yake ikicheza bila sauti. Akaelewa.

"Usilie, dada. Lilitaka nianze na wewe."

Dada akamwonyesha mlango kwa kidole, akauliza kwa macho: limetoka?

Shemeji akajipapasa koo, taratibu.

"Limo. Linaongea bado, nalihisi likitetema hapa. Ila sasa silisikii linataka nini."