Mstari wa Kumi na Nne

Waliokuwapo darasani alasiri ile ya Alhamisi walikuwa wanne: mwalimu wa Kiingereza, msichana aliyepewa jina la utani la Kamusi, na wenzake wawili wa kikundi cha fasihi, Mrefu na Chekacheka. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Walitakiwa kuchambua kifungu cha Kiingereza kuhusu bibi mmoja anayengoja mvua, na mwalimu alikuwa amekwisha kumteua Kamusi kuwa msemaji.

Hakuna aliyeshangaa. Kamusi alizijua istilahi za fasihi kama vidole vyake: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri. Aliitaka nafasi ile kwa moyo wote, na mama yake alikwisha kuwatangazia majirani.

“Haya, msemaji,” mwalimu alisema. “Kumbuka utaratibu wetu: kila istilahi na mstari wake.”

Kamusi akasimama, akakohoa kidogo, akaanza kutiririka. Mstari wa pili, tashbihi. Mstari wa tisa, sitiari. “Na katika mstari wa kumi na nne,” alisema kwa madaha, “kuna tashihisi, yaani kitu kisicho na uhai kimepewa sifa za binadamu.”

Mrefu akainamia karatasi yake. Chekacheka akaigeuza ya kwake upande wa pili, kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

“Jamani, huo wa kumi na nne umejificha wapi? Mimi naona kumi na miwili tu.”

“Labda mwenzetu kaongezewa,” Mrefu alisema, na wote wawili wakaangua kicheko.

 Kamusi angeweza kusema amekosea kuhesabu. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mwalimu hakucheka. 

“Mwalimu, kifungu sijakisoma,” alisema hatimaye. “Nimenakili uchambuzi kutoka kwenye daftari la dada yangu. Darasa lao nalo lilipewa hiki hiki mwaka juzi, kumbe chao kilikuwa kirefu zaidi.”

“Ahsante kwa kusema kweli,” mwalimu alijibu. “Lakini usemaji nakuondolea. Atashika Mrefu.”

Kicheko kilikatika. Kamusi akasogea karibu na meza ya mwalimu. “Naomba nisitolewe kwenye kikundi, mwalimu. Nipe mpaka kesho.”

“Kesho saa tisa. Na usiniletee istilahi hata moja. Niletee ulichokiona.”

Jioni ile Kamusi alikaa kwenye meza ya jikoni na karatasi yake. Mara ya kwanza nusu ya maneno yalimpiga chenga, akayatafuta moja moja. Akasoma tena, na tena. Mara ya tano ndipo alipoanza kumwona yule bibi.

“Mbona leo hukariri kwa sauti?” mama yake aliuliza huku akisuuza sahani.

“Leo nasoma, mama.”

Ijumaa saa tisa alisimama mbele ya wenzake na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa maneno ya kawaida. “Mstari wa tatu, upepo unabisha mlango kama mgeni. Halafu bibi anasema ‘bado’ mara tatu: mstari wa nne, wa nane na wa kumi na mbili. Mara ya kwanza ana matumaini. Mara ya tatu anaogopa.”

Mrefu akapitisha kidole kwenye mistari ile. “Sisi hizo ‘bado’ tumezipita hivi hivi!”

“Mimi nilidhani mpiga chapa kasinzia,” Chekacheka akasema.

Mwalimu alichukua ule ukurasa, akausoma mpaka mwisho. “Sasa unaweza kuita hiyo takriri, kwa sababu unajua inafanya kazi gani,” alisema. “Istilahi ni majina. Kwanza kitazame kitu chenyewe kwa macho yako mwenyewe, ndipo ukipe jina. Na ukinakili macho ya mwingine, utasimulia hata mistari isiyokuwapo.”

Kisha akawageukia wote. “Nimeamua hivi. Kesho Mrefu atasoma uchambuzi, kama nilivyosema, hilo silibadilishi. Lakini waamuzi wakianza kuuliza maswali, atakayesimama kujibu ni Kamusi.”