Bizari Iliyoungua

Kila Ijumaa jioni, nyumbani kwa akina Chiriku ilipikwa mikate ya kukunja. Mama alikanda unga, akasukuma mikate myembamba kama leso, akaichoma mmoja mmoja kwenye kikaango kikavu. Baba, ambaye alikuwa seremala, alifunga karakana mapema, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akakatakata nyanya na kabichi. Kazi ya Chiriku ilikuwa nyama ya kusaga. Aliikaanga mpaka maji yakakauka, akachana pakiti ya viungo vya dukani, akaimimina yote. Hapo ndipo harufu ilipotoka jikoni na kufika barabarani.

Chiriku alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Waliompa jina hilo la ndege mdogo hawakukosea, kwa maana alizungumza tangu anaamka mpaka analala. Mama alisema hata usingizini alikuwa anamalizia hadithi ya mchana.

Ijumaa moja shangazi yake alikuja kula nao. Shangazi alikuwa dada mdogo wa Baba, na kazi yake ilikuwa uuguzi katika zahanati. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amempeleka Baba kwa daktari, kwa kuwa kichwa kilikuwa kikimgonga wiki nzima. Sasa aliokota pakiti tupu ya viungo mezani, akaisogeza karibu na macho, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Wifi, hebu njoo uone," alimwambia Mama. "Kitu cha kwanza kilichoandikwa hapa si pilipili wala bizari. Ni chumvi."

"Cha kwanza?"

"Cha kwanza! Na wanaanza kuandika kile kilicho kingi. Kumbe tunanunua chumvi iliyovalishwa nguo nyekundu."

Baba aliushika mkate wake kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Huu nimeshauanza," alisema.

"Maliza huo, kaka. Lakini umemsikia daktari, presha yako iko juu. Chumvi upunguze sana. Ukitii, hii dawa ndogo itatosha. Usipotii, ataongeza."

Baba alitafuna polepole. "Basi Ijumaa yetu imekufa," alisema. Alitaka iwe mzaha, lakini sauti yake haikucheka.

Chiriku hakuweza kuvumilia. "Haijafa, Baba! Nitatengeneza viungo vyetu mimi mwenyewe. Bila chumvi!"

Shangazi alifurahi. Alichukua kalamu akaandika orodha: bizari nyembamba, mbegu za giligilani, pilipili kavu, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, majani makavu ya oregano. "Mbegu unazikaanga bila mafuta, kwa moto mdogo, halafu unasaga. Lakini angalia, kila mbegu..."

"Nimejua, Shangazi, nimejua!"

"Haya, umejua," alisema Shangazi akicheka.

Kesho yake Mama alileta vitu vyote kutoka sokoni. Pakiti mbili za dukani zilizokuwa zimebaki aliziweka juu ya kabati, akisema atampa jirani. Kisha akatoka kwenda kwa fundi viatu, na jiko likabaki mikononi mwa Chiriku.

Chiriku alifunga mlango na dirisha ili harufu nzuri isitoroke. Aliweka kikaango motoni, akamwaga kila kitu kwa mkupuo: bizari ndogo ndogo, giligilani za mviringo kama shanga, na pilipili zote. Alikoroga kwa mwiko huku akiimba. Ubeti wa pili haukuisha. Moshi wa pilipili ulimpiga machoni, ukamshika koo, naye akatoka mbio akikohoa, machozi na kamasi vikimchuruzika.

Baba alikuwa uani akipiga randa ubao. Naye alianza kukohoa. "Mwanangu, unapika au unafukuza mbu?"

"Na... pika... Baba!"

Alipopata nguvu ya kurudi, kufungua dirisha na kuzima moto, alikuta giligilani zimebadilika rangi kidogo tu, lakini bizari zilikuwa nyeusi kama mkaa. Alizitwanga hivyo hivyo kwenye kinu, akachanganya na vilivyobaki, akaonja. Uchungu wake ulikuwa wa shubiri! Na hakukuwa na hata mbegu moja iliyosalia ya kuanza upya.

Angeweza kusema ukweli. Lakini kupitia dirisha alimsikia Baba akimwambia mteja aliyekuja kuchukua kiti chake, "Binti yangu huyo ananitengenezea viungo. Watoto wengine wana baba, mimi nina daktari mdogo." Mteja alicheka, na Baba akacheka zaidi yake.

Chiriku alitazama juu ya kabati. Alivuta kigoda.

Unga ule mchungu aliumwaga, akabakiza kijiko kimoja tu kwa ajili ya rangi. Akachana pakiti zote mbili, akazimimina kwenye chupa safi ya jamu, akatikisa. Akaonja tena. Ulikuwa mtamu, ule ule wa siku zote. Pakiti tupu alizikunja, akazificha katikati ya daftari la zamani.

Ijumaa iliyofuata Baba alikula mikate minne. "Ile ya dukani haifui dafu!" alitangaza. "Na haina hata chembe ya chumvi! Mama Chiriku, umezaa."

"Nimezaa peke yangu? Wewe ulikuwa wapi?" Mama alimjibu, na meza nzima ikacheka, isipokuwa Chiriku.

Balaa ni kwamba Baba hakuishia Ijumaa. Kwa kuwa aliamini chupa ile ni salama, aliinyunyizia kila kitu. Asubuhi aliitia kwenye mayai, mchana kwenye maharage, jioni kwenye viazi. Siku moja Chiriku alimkuta akinyunyizia tango.

"Baba, hata tango?"

"Kwani lina kosa gani? Nalo linahitaji kufurahi."

Chiriku alirudi chumbani akakaa kitandani. Kila aliposikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa, alijiziba masikio kwa mto.

Shuleni, rafiki yake wa dawati moja, ambaye wote walimwita Pengo kwa sababu ya meno yake ya mbele, alimtazama kwa mashaka.

"Wewe leo umekula gundi? Tangu asubuhi hujasema neno."

"Nina usingizi tu."

"Sawa. Sasa sikia, mama yangu anataka umtengenezee chupa ya vile viungo vyako. Bibi naye amekatazwa chumvi, na anasusa chakula kama mtoto. Nije kesho?"

"Hapana! Havijaiva."

"Unga nao unaiva?"

Chiriku alijifanya anatafuta kifutio chini ya dawati, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kifutio chochote kinavyohitaji.

Wiki mbili zilipotimia, Shangazi alikuja Jumamosi na mashine yake ya kupimia presha. Alimfunga Baba kitambaa mkononi, akabonyeza, wakasubiri. Alipoona namba alikunja uso. Akapima tena.

"Kaka, imepanda. Siku ile ilikuwa juu, leo imezidi. Unakula nini?"

"Chakula cha nyumbani! Muulize wifi yako."

Mama alisimama ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu. Alikwenda jikoni, wakasikia kigoda kikiburutwa. Aliporudi alikuwa ameshika kiuno.

"Baba Chiriku, zile pakiti mbili za juu ya kabati ziko wapi?"

"Pakiti gani?"

"Usinichekeshe. Nyumba hii ina watu watatu. Mimi sikuzichukua, mtoto hana shida nazo."

"Kaka, sema tu," Shangazi alidakia kwa upole. "Hatutakupiga. Lakini Jumatatu ukienda kwa daktari na namba hizi, atakuongezea dawa. Dawa yenye nguvu si peremende. Kama ni chumvi ndiyo tatizo, ni lazima ajue."

Baba aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mabega ya kubebea mbao, lakini pale kwenye kiti alionekana mdogo. "Sijazigusa," alisema. "Wiki mbili nimekula viungo vya mwanangu tu. Kama mimi hamniamini, basi muulizeni yeye. Yeye ndiye shahidi wangu. Chiriku, waambie."

Wote walimgeukia.

Chiriku aliwaza kukimbilia uani. Kisha akautazama mkono wa Baba, bado umefungwa kitambaa cha mashine.

"Baba hajasema uongo," alisema. "Ni mimi. Bizari ziliungua. Nikatia pakiti za dukani kwenye chupa."

Baba alifungua kitambaa mkononi taratibu.

"Kwa hiyo yale mayai..."

"Ndiyo, Baba."

"Na maharage?"

"Ndiyo."

"Na tango?"

"Na tango, Baba."

Mama aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana mara moja kama analia au anacheka. Lakini Baba hakucheka.

"Ungeniambia bizari zimeungua, ningekutania siku moja, yakaisha," alisema. "Sasa nimejimwagia ugonjwa kwenye sahani kwa mkono wangu mwenyewe, huku nakushukuru. Na nimeitwa mwongo ndani ya nyumba yangu."

Chiriku alilia. "Nisamehe, Baba. Ulikuwa umemwambia yule mteja mimi ni daktari mdogo. Niliona aibu."

Baba alishusha pumzi ndefu. Akamvuta, akamkalisha kando yake. "Nimekusamehe. Aibu yako ingeisha siku hiyo hiyo. Ona imetufikisha wapi."

Mama naye alisogea. "Mume wangu, na mimi nisamehe. Nimekutuhumu bure."

"Wewe nitakusamehe ukiosha vyombo vyangu wiki nzima."

"Wiki nzima? Basi bora niendelee kukutuhumu."

Hapo Baba alicheka, na nyumba ikapumua.

Shangazi aliimwaga chupa yote kwenye pipa la taka. Kisha akafungua mlango na madirisha ya jiko, akawatuma Chiriku na Mama sokoni kununua viungo vipya. Waliporudi, alimfunga Chiriku aproni.

"Siku ile nilitaka kukuambia kila mbegu ikaangwe peke yake," alisema. "Bizari ni ndogo, dakika moja au mbili tu inatosha. Giligilani ni nene, inataka muda. Ukiziweka pamoja, hii itaungua kabla ile haijapata joto. Na pilipili hatuikaangi, tunaisaga ilivyo."

Chiriku alikaanga bizari huku pua yake ikiwa karibu na kikaango. Harufu ilipopanda tu, Shangazi akasema, "Toa!" naye akaimimina kwenye sahani baridi. Giligilani zikafuata. Walitwanga kwa zamu, wakachekecha, wakachanganya na kitunguu saumu cha unga na majani makavu. Wakakaanga nyama kidogo ya kuonjea.

Baba alitafuna. "Tamu sana," alisema.

Chiriku alimtazama usoni. "Baba, tafadhali, sema kweli."

Baba alijikuna shingo. "Kweli kabisa? Imepooza. Inanukia vizuri, lakini ulimi unangoja kitu hakiji."

Shangazi alicheka. "Huo ni ulimi uliozoea chumvi. Tuutafutie kazi nyingine." Alimpa Chiriku limau. Chiriku akakamua nusu yake juu ya nyama, akaongeza kitunguu saumu na pilipili manga. Baba akaonja tena, akafumba macho.

"Si kama ile ya zamani," alisema. "Lakini hii nitakula, wala sijalazimishwa."

Jumatatu Baba alikwenda kwa daktari akaeleza kila kitu. Daktari aliamua kutoongeza dawa, akasema asubiri wiki mbili kwanza. Siku hiyo hiyo Chiriku alimpelekea Pengo chupa ya viungo vipya, akamsimulia yote bila kuruka hata tango. Pengo alicheka mpaka kengele ikalia.

Wiki mbili zikapita. Shangazi alimpima Baba, akatabasamu, akamgeuzia mashine aone mwenyewe. Presha ilikuwa imeshuka. Mama alipiga kigelegele kilichomfanya jirani achungulie.

Walipokuwa wakila, Shangazi alimwegemea Chiriku.

"Kuunguza si dhambi, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeunguza vingi. Lakini kosa likifichwa kwenye chakula, linaingia mwilini mwa mtu mwingine. Kule zahanati ni hivyo hivyo. Mgonjwa akinificha jambo, naweza kumpa dawa isiyomfaa. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado kwenye kikaango." Akamfuta mchuzi kidevuni. "Anayekula haoni kilichomo ndani ya chupa. Anamwona aliyempikia, na kwa kumwamini huyo, anafungua mdomo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Upande wa pili wa meza, Baba alikuwa ameshafungua mdomo kwa mkate wa tatu.