Mlango wa Upepo

Jua lilikuwa linazama niliporudi na mdogo wangu Wilf kwenye ghala la mawe la Harrowgill. Nilikuwa nimesahau pimamaji yangu mle ndani.

"Kaka, iko siku utasahau kichwa," alinicheka.

"Na wewe iko siku utafunga mdomo. Nenda kaniletee."

Laiti ningeingia mwenyewe.

Ghala lile lina miaka mia nne. Kuta zake ni nene, zina matundu membamba ya hewa, na milango miwili inayotazamana, wa magharibi na wa mashariki. Katikati yake wazee walipura ngano. Upepo uliingia huku ukatokea kule, ukabeba makapi. Sisi waashi wa kaskazini mwa Uingereza tunajua: mlango wa upepo hauzibwi. Marehemu baba alisema kuna kitu huja na upepo, na kikikosa pa kutokea, hukaa. Ni kitu gani, hakusema.

Lakini Bwana Pargeter, msimamizi wa shamba, alitaka kuligeuza ukumbi wa kukodishia harusi, na mlango wa mashariki uzibwe. Eti wageni watapigwa na baridi. Nilimweleza, akacheka.

"Ziba, bwana! Tena kwa saruji. Chokaa yako itakauka lini? Jumamosi nina harusi."

Nikaziba. Mimi, mwashi mwana wa mwashi, nikatia saruji isiyopitisha hewa kwenye ukuta wa chokaa. Hasira ya jambo hilo inanila mpaka leo, na nusu yake ni yangu mwenyewe.

Basi Wilf akaingia kwa mlango wa magharibi, uliobaki.

Ukajifunga nyuma yake. Taratibu...

Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nilivuta mlango kwa nguvu zangu zote. Haukusogea. Kisha nikasikia harufu ya makapi makavu, na ngano haijaingia mle kwa miaka themanini.

Pu... pu... pu...

Fimbo za kupuria.

Nilizunguka mbio hadi upande wa mashariki, nikachungulia kwenye tundu. Vumbi tupu. Wilf alikuwa amesimama uso ukutani, pale pale nilipoziba, viganja juu ya mawe.

"Kaka," alinong'ona. "Kinatafuta pa kutokea."

"Kitu gani?"

"Usiniulize. Fungua... nakuomba, fungua."

Nilichukua nyundo kubwa kwenye gari, nikapiga. Chokaa ya siku tatu ingebomoka kama mkate mkavu. Saruji ilinirudishia pigo mpaka mabegani. Nikapiga huku nalia, huku natukana.

Pargeter akaja mbio kutoka jumba kubwa. "Una wazimu? Ukuta wangu!"

"Mdogo wangu yumo!"

"Si apitie mlangoni?"

"Nenda kamfungulie wewe, mwanaharamu!"

Hakwenda. Zile fimbo alizisikia. Nilimwona akibadilika rangi.

Jiwe moja likatoka. La pili. Upepo ukafyatuka kwenye tundu nililobomoa, ukanijaza makapi machoni, na fimbo zikanyamaza. Mlango wa magharibi ukafunguka wenyewe, Wilf akatoka kwa miguu yake, akiulizia chai. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jana, Ijumaa, tulikuwa mezani tunakunywa chai. Wilf alivuta pumzi, kama mtu anayetaka kusema neno.

Hakulisema.

Nilijua: ukuta umezibwa tena. Nilikimbia hadi Harrowgill na nyundo yangu. Pargeter alikuwa ameleta waashi wa mjini, na tundu lilikuwa limezibwa kwa saruji ya kukauka upesi. Wanaume wanne walinikamata kabla sijafika ukutani.

"Fungua, Pargeter! Unamuua mdogo wangu!"

"Mpelekeni nyumbani, amelewa," aliwaambia. Machoni hakunitazama. Anajua, mshenzi yule. Anajua kabisa, na harusi yake ameona ni bora kuliko mtu.

Leo mchana kengele za kanisa zinalia. Bibi harusi na wageni wake mia moja na ishirini wanaelekea ghalani. Daktari amekuja, ametikisa kichwa, ameondoka. Wilf amekaa mbele yangu, macho wazi, ameelekea mashariki. Kifua chake kinapanda. Kinapanda tena.

Tangu jana namsikia akivuta pumzi. Sijamsikia akiitoa.