Mume Wangu Alitia Sahihi, Mimi Nikaitwa Tasa

Nina miaka thelathini na mitatu, mkaaji wa Kadutu, hapa Bukavu. Msinihurumie, wasomaji wenzangu. Ninaandika kwa sababu nina hasira, na hasira hii nikiimeza itaniua!

Niliolewa na Cirhuza, karani wa serikali, mtu wa suti safi ya abacost na maneno matamu. Mimba yetu ya kwanza ilikuwa ya shida. Nilipasuliwa, mtoto akafa siku ile ile, akazikwa bila mimi kumwona uso. Nililala hospitalini majuma matatu.

Baada ya hapo, kimya. Mwaka mmoja, miwili, mitano, saba... Tumbo halikushika tena.

Mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, hakunyamaza! Alinivusha ziwa mpaka kisiwa cha Idjwi kwa mzee wa dawa, nikanywa majani machungu hadi nikazimia. Mbele ya wageni aliniita shamba la mawe. Na Cirhuza? Ameketi pale pale, anasikia, anakula ugali wake!

Kisha nikasikia Cirhuza ana bibi mwingine mtaani Bagira, na kwamba huyo alikuwa amemzalia. Niliinamisha kichwa. Mwanamke asiyezaa atagombana kwa mdomo gani? Mtoto wao wa pili alipozaliwa, nilimpelekea mama yake kitenge na kofia ya sufu niliyofuma mwenyewe. Ndiyo, mimi! Nilishukuru kwamba sijafukuzwa.

Halafu maumivu yakaanza chini ya kitovu, na damu isiyokoma. Hospitalini walikuwa wamepata mashine mpya, echographie, inayoonyesha ndani ya tumbo. Cirhuza alinikataza, akasema hayo ni mambo ya watu wa Kinshasa. Nilikwenda bila kumwambia. Nilinyweshwa jagi zima la maji, nikakaa kwenye benchi nimebana mkojo hadi machozi yakanitoka.

Docteur alipitisha chombo cha mashine tumboni, akarudia. Kisha akaniuliza:

"Maman, unasema unatafuta mutoto. Sasa mbona uko na appareil ya kuzuia mimba?"

"Appareil gani, docteur?"

Alinionyesha kwa kidole. Ndani ya kile kiza cha picha palikuwa na kijistari cheupe. Pembeni yake, uvimbe. Akasema kitu hicho kimekaa miaka mingi kupita kiasi, na usaha umeingia.

Nikamwambia mashine yake inasema uongo! Hakubishana nami. Alituma waniletee faili langu la zamani, na muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akanisomea Kifaransa kile kwa Kiswahili. Nilipopasuliwa, waliona afadhali nisishike mimba kwa miaka miwili, mshono upone. Appareil ikawekwa nikiwa bado nimelala kwa dawa. Mume alikubali, atamweleza mke wake, atamrudisha ikatolewe. Chini, sahihi ya Cirhuza. Ninaijua kama jina langu.

Hapo nikakumbuka... Docteur wa wakati ule alikuja kitandani kunieleza jambo. Niligeukia ukuta, nikamwambia aseme na bwana yangu. Nilifundishwa hivyo kwetu: mke wa heshima hajadiliani na docteur. Hilo ni kosa langu, ninalikiri. Lakini la Cirhuza tuliite nini?

Alipotoka kazini alinikuta nikimngoja sebuleni. Kwanza alikana. Kisha akasema alisahau. Alisahau! Miaka saba, mama yake akinitukana mbele ya macho yake! Nilipomfokea hivyo, ukweli ukamtoka:

"Kama ungezaa, ungenikatalia ule bibi ya Bagira. Bila mutoto ulikuwa mupole!"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilifikiri atamtetea. Alivua kiatu akampiga nacho usoni, kisha akapiga magoti mbele yangu, mwanamke mzima wa mvi, akaniomba msamaha.

Sikumpa. Mpaka leo sijampa, na padri aseme atakavyo!

Appareil imetolewa. Docteur anasema mirija ya uzazi imeziba, matumaini ni madogo sana. Nimerudi kwa baba yangu. Cirhuza amemhamishia yule wa Bagira katika nyumba niliyoisiriba kwa mikono yangu.

Dada zangu, mama zangu, nawasihi! Msimwachie mtu mwingine masikio yenu. Ulizeni: mumenifanya nini? Mumeniwekea nini? Kitakaa mpaka lini? Kama Kifaransa kinakupita, tafuta wa kukusomea, na asiwe bwana yako, hata kama anakupenda. Wangu pia alinipenda... ndivyo alivyosema.

Docteur alijua. Wauguzi walijua. Mume wangu alijua. Mimi, mwenye tumbo, nilijua wa mwisho.