Aliyemwondoa Rubaiya

Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Rubaiya aliingia ofisi ya udahili ya chuo cha udaktari, mjini Rajshahi, akiwa na baba yake. Jina lake halikuwamo tena kwenye orodha ya waliochaguliwa. Mfumo ulionyesha amejiondoa mwenyewe Jumanne, saa saba na nusu mchana.

"Nijiondoe mimi? Dada, nimekesha na vitabu miaka miwili!"

Baba yake, Moksed Ali, fundi wa darizi kutoka Natore, alipapasa meza kwanza ndipo akaweka glasi yake ya chai.

Dilruba Khatun, aliyeketi nyuma ya meza hiyo, ndiye aliyeutengeneza mfumo huo. Saa kumi na moja jioni nafasi zilizoachwa wazi zingegawiwa wengine, na mkuu wake alikwisha sema aliyejiondoa kajiondoa. Tena ni Dilruba aliyeamua kwamba mtu akiweka alama ya "nikumbuke", kikao chake kibaki wazi siku saba bila kuulizwa nywila tena, maana mtandao wa vijijini hukatika ovyo na watu walikuwa wakipoteza fomu zao. Alikuwa ameacha mlango wazi, na mtu kapita.

Akafungua kumbukumbu za mfumo. Jumanne hakuna aliyeandika nywila. Kilitumika kikao kilekile cha Jumapili, kwenye kompyuta ileile ya duka la Liton, mjini Natore, Rubaiya alikojazia fomu.

"Ni Liton!" Rubaiya alifoka. "Nywila za watu huziandika kwenye kalenda ya ukutani, na mpwa wake ananifuata kwenye orodha!"

Dilruba akampigia simu, sauti ikasikika chumba kizima.

"Liton, ni kweli unaandika nywila za watu kwenye kalenda ya ukutani?"

"Dada, wateja wangu husahau hata walikovua viatu. Nisipoziandika, wananililia mimi."

"Na alama ya nikumbuke?"

"Namwekea kila mtu. La sivyo wanarudi mara kumi kwa siku."

"Jumanne saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Msikitini! Muulize imamu, nilikuwa safu ya mbele, alishangaa mwenyewe. Duka niliwaachia wateja, kama siku zote."

Imamu alipopigiwa simu alithibitisha, huku akicheka. Dilruba hakucheka. Ilikuwa imefika saa tisa, na mtu pekee wa kushukiwa alikuwa amemponyoka.

Akabakiwa na kitu kimoja alichokuwa amekidharau. Mfumo hukumbuka pia mtu apendavyo kusoma: lugha, rangi, ukubwa wa herufi. Jumapili Rubaiya hakubadili chochote. Jumanne, saa saba na dakika ishirini na sita, herufi zilikuzwa mara moja, mara ya pili, hadi mwisho kabisa. Kisha ukurasa ukageuzwa kuwa mweusi, maandishi ya njano. Mtu huyo alihangaika dakika nne kabla ya kukiona kitufe cha kujiondoa.

Dilruba aliitazama glasi ya chai mezani, akatamani awe amekosea.

"Mzee Moksed, hebu nisomee hapa," alisema, akimgeuzia kompyuta.

"Miwani nimeisahau nyumbani, mwanangu."

Dilruba akakuza herufi hadi mwisho, akageuza ukurasa ukawa mweusi. Mzee akainama, midomo ikacheza.

"Nathibitisha… kujiondoa," alisoma. Kisha akafunika uso kwa mikono.

"Baba?" Rubaiya alinong'ona.

"Macho yananiacha, mama. Mwaka sasa. Kompyuta naijua tangu nilipokuwa nachora nakshi za karakana; Jumanne nilipita dukani kwa Liton, nikaukuta ukurasa wako uko wazi. Wewe ndiye unayenitungia uzi, unaniambia huu mwekundu, huu zambarau. Mama yako hayupo. Ukikaa bweni miaka mitano, nitashona nini? Nilidhani utalia wiki moja, halafu tutaendelea kama zamani."

"Ungeniambia!"

"Ningekwambia, usingekwenda, na ungejua ni mimi niliyekuzuia."

"Na wewe ukaona heri uniibie!"

Dilruba alieleza kanuni: nafasi ingerudi tu kwa maelezo yaliyotiwa saini na aliyefanya kosa, na nakala ingepelekwa polisi.

"Andika," mzee alisema.

"Usiandike, dada! Watamfunga!"

"Andika, nimesema!"

Dilruba aliandika, akilia bila kujificha. Saa kumi na dakika hamsini akamwekea mzee karatasi na kalamu. Moksed Ali aliipeleka kalamu huku na huku juu ya karatasi. Hakuuona mstari, na Dilruba hakuthubutu kumwonyesha.

Rubaiya alitazama saa ya ukutani, akamtazama baba yake. Kisha akaushika mkono wake, akauongoza hadi mahali pa saini.

"Hapa, baba," alisema.